Albamu ya laivu ya Lynyrd Skynyrd: kwa nini mashabiki wanaililia hivi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Baba yangu mdogo alikuwa baharia, kafariki mwaka jana akaniachia boksi la santuri. Humo ndani kuna moja ya sahani mbili imeandikwa Lynyrd Skynyrd, One More from the Road. Nimeulizia kwa watu wa roki kumbe wanaililia utadhani Simba na Yanga, kila mtu anasema hiyo ndo yenyewe. Mimi sina pleya ya santuri, nimeisikiliza kwenye simu nikaona makelele tu, watu wanapiga mayowe, nyimbo hazishi. Si bora zile za studio zenye sauti safi? Hawa mashabiki wanapenda nini hasa? Na hii santuri niuze au nikae nayo?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa msiba. Kwanza usiuze. Kwa nini nasema hivyo utaona huko mbele, ila itabidi univumilie maana hili swali umeuliza mtu aliyekaa nyuma ya mikisa, ile mitambo ya kuchanganya sauti, miaka mingi na mambo ya laivu yananiuma kuliko unavyodhani.

Tuanze na hilo la kusikiliza kwenye simu, maana nusu ya tatizo lako lipo hapo. Spika ya simu haina besi, haina nafasi, inakamua kila kitu kiwe chembamba kama redio ya mbao iliyoishiwa betri. Sasa hii bendi ina magitaa matatu. Matatu! Ukiyapitisha kwenye katundu kale ka simu yanagandana yanakuwa uji, hapo hata mimi ningesema makelele. Tafuta spika mbili za kawaida au hata hedifoni za elfu kumi na tano, alafu ndo turudi kwenye mazungumzo.

Haya. Hawa jamaa ni wa Jacksonville, Florida, walianza tangu 1964 wakiwa watoto wa shule, na jina lenyewe ni utani, walikuwa na mwalimu wao wa michezo anaitwa Leonard Skinner aliyekuwa mkali kwa wanafunzi wenye nywele ndefu, wakalipinda jina lake wakaliandika kihuni vile unavyoliona. Mwimbaji ni Ronnie Van Zant, mtu mfupi mnene kidogo, alikuwa anaimba pekupeku jukwaani. Albamu ya kwanza 1973, ya pili 1974 ndo yenye Sweet Home Alabama iliyofika namba 8 kwenye chati za Marekani. Hadi hapo walikuwa wanapiga magitaa matatu. Mwaka 1975 mmoja wa wale watatu, Ed King, akaondoka katikati ya ziara, wakabaki wawili, Gary Rossington na Allen Collins. Albamu iliyofuata mwanzoni mwa 1976 haikuuza kama walivyozoea. Yaani bendi imechoka, ina pengo, na kampuni inataka kitu.

Hapo ndo anaingia Steve Gaines. Dada yake Cassie alikuwa mmoja wa waimbaji watatu wa kike wa bendi, akawa anawasumbua kila siku, nina mdogo wangu anapiga gitaa, msikilizeni tu. Mei 1976 wakiwa Kansas City wakampandisha jukwaani kwenye wimbo mmoja, T for Texas, na inasimuliwa kwamba fundi mitambo alishaambiwa akae tayari kumkata sauti akiharibu. Mimi hiyo habari kila nikiikumbuka nacheka maana nimeshakaa kwenye hicho kiti, bosi anakuja anakunong'oneza, huyu dogo akizingua mshushe, na wewe kidole kipo kwenye fada, kile kitufe cha kupandisha na kushusha sauti, unasubiri. Sasa huyu hakuzingua. Wiki chache baadaye ni mwanabendi kamili, na Julai hiyo hiyo, tarehe 7, 8 na 9, wakaingia ukumbi wa Fox Theatre pale Atlanta na mitambo ya kurekodi. Hesabu mwenyewe: huyo kijana unayemsikia kwenye sahani yako hana hata miezi miwili vizuri kwenye bendi.

Na ukisikiliza utagundua hiyo. Wale wazee wawili wamesikia damu mpya imeingia, kila mmoja anapiga kama anayetetea ajira yake. Hicho kitu studio huwezi kukipata, studio unarudia mara ishirini mpaka uoga wote umeisha na raha yake nayo imeisha.

Sasa wewe unasema nyimbo hazishi. Mdogo wangu, wewe sebene linakushinda? Mbona wimbo wa Franco na OK Jazz yake unasikiliza dakika kumi na tano na husemi kitu? Ngoja nikuelezee kwa lugha ya nyumbani maana naona ndo itaingia haraka. Rumba ya Kongo unajua inavyokwenda: mwanzo polepole, mtu anaimba, anabembeleza, magitaa yanatembea chini kwa adabu, alafu kuna sehemu wimbo unageuka, drams zinakaza, waimbaji wanakaa pembeni, solo anashika usukani, mi-solo anamjibu, rithim anazunguka pale pale bila kuchoka, na watu wote wanaingia kati kucheza. Basi Free Bird, ule wimbo wa mwisho kwenye upande wa nne wa santuri yako, umejengwa hivo hivo. Nusu ya kwanza ni polepole kabisa, Rossington anavuta gitaa la slaidi, lile la kutelezesha kibomba juu ya nyuzi, linalia kama ndege, piano chini, Ronnie anaaga mtu. Nusu ya pili ni sebene. Sisemi walisikia Kinshasa, hapana, hawajui hata habari hiyo, wao wametoka kwenye bluzi na kantri yao huko. Nasema tu sikio lako tayari linajua hiyo kazi, ni vile kimeletwa na watu wengine na magitaa yamechafuliwa sauti makusudi.

Na kama kwenye dansi, hiyo sehemu ya mwisho ndo sababu ya watu kukata tiketi. Kwenye albamu ya studio ya 1973 ule wimbo una dakika 9 na kitu, na magitaa yale ya mwisho Allen Collins alijirekodi mara mbili akawa anajijibu mwenyewe. Pale Fox unapita dakika 11, na sasa hakuna kujijibu, kuna binadamu watatu wanaangaliana usoni. Collins anaanza kukimbia, anarudia kile kipande chake kama anagonga mlango, alafu unasikia gitaa la pili linaingia pembeni yake, mara la tatu, mara wote wanashuka pamoja ngazi kwa ngazi kwa sauti zinazopishana kidogo. Vaa hedifoni, toa upande mmoja, sikiliza sikio la kushoto peke yake, alafu rudia na la kulia. Utashangaa. Ni nyimbo mbili tofauti.

Kabla ya hapo lakini kuna sekunde chache ambazo mashabiki wanazijua kwa moyo kuliko hata wimbo wenyewe. Ronnie anawauliza watu wanataka wimbo gani. Anauliza tu. Na ukumbi mzima unamrudishia jina moja. Kisha anawageukia wenzake anawaambia waipigie Atlanta vizuri. Basi. Ni maneno mawili matatu, ila ndo yamezaa ule utani ambao mpaka leo Marekani ukienda shoo yoyote, iwe ya jazi, iwe ya mchekeshaji, lazima kuna mlevi mmoja nyuma atapiga kelele Free Bird. Wanamuziki wamechukia mpaka wamezoea.

Nikukumbushe kitu kuhusu hayo mayowe uliyolalamikia. Miaka ya nyuma nilirekodi shoo ya bendi moja ya dansi, bendi siitaji, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa juu ya kreti za bia, bendi ilipiga usiku ule kama wamepandwa na mashetani. Mimi nikatoa laini zote kutoka kwenye mikisa, kila chombo safi, nikajiona bingwa. Kesho yake tunasikiliza, ni mazoezi! Yaani ilisikika kama watu sita wanafanya mazoezi kwenye chumba kitupu. Nilisahau kitu kimoja, sikuweka maiki hata moja kuelekea kwa watu. Wale waliokuwa wanatunza, wanaoitikia kibwagizo, yule mama aliyepiga kigelegele solo lilipopanda, wote hawapo. Na mpigaji solo akaniambia kwa hasira, pale nilizidisha kwa sababu ya yule mama, sasa bila yeye naonekana nimejichanganya. Tangu siku hiyo sijawahi kudharau mayowe kwenye rekodi. Watu wa taarabu wanalijua hili siku nyingi, mtunzaji akiinuka na noti mkononi mwimbaji anabadilika.

Kwa hiyo aliyeirekodi hii ya Fox alijua anachofanya. Prodyuza ni Tom Dowd, mzee mmoja wa ajabu, ujanani alifanya kazi kwenye mradi wa bomu la nyuklia wa Marekani, kisha akaja kuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kurekodi muziki kwa treki nyingi, yaani kila chombo kwenye mstari wake. Miaka mitano kabla alishatoa ile ya bendi ya Allman Brothers, At Fillmore East, iliyorekodiwa New York mwezi Machi 1971, ambayo wengi wanaiona ndo mama wa albamu zote za laivu za watu wa roki wa kusini mwa Marekani. Mimi nikilazimishwa kuchagua, kwa ufundi nachukua Fillmore, ila kwa kuwasha nyumba ikajaa watu nachukua hii yako. Allman ni watu wa kusikiliza wamefumba macho. Skynyrd ni watu wa kugonga meza.

Na ukumbi nao una hadithi yake. Fox ulifunguliwa Krismasi ya 1929, ulianzwa kujengwa kama jengo la chama cha Shriners, chama kinachopenda mapambo ya Kiarabu, kwa hiyo lina minara na makuba, ukiliona picha unaweza kudhani ni msikiti mkubwa wa Cairo umepotea njia. Ndani dari limechorwa anga la usiku na nyota zinawaka. Siti zaidi ya 4,600. Katikati ya miaka ya 70 lilikuwa libomolewe, kampuni ya simu inataka kiwanja ijenge makao yake, watu wa Atlanta wakaanzisha kampeni ya kuliokoa, na shoo hizi za Skynyrd ziliingia kwenye kuchangia huko. Jengo lipo mpaka leo. Nadhani ndo maana ule umati unaousikia una joto la namna yake, watu wako ndani ya nyumba inayotaka kuvunjwa.

Albamu ikatoka Septemba 1976, sahani mbili, nyimbo 14, ikapanda mpaka namba 9 na baadaye ikapata platinamu, ile tuzo ya mauzo makubwa, mara tatu. Mwaka ule albamu za laivu za sahani mbili ndo zilikuwa habari ya mjini Marekani, Peter Frampton alishauza yake kama maandazi ya moto, kwa hiyo kibiashara haikuwa ajabu. Ajabu ni kwamba ya kwao haijachuja.

Sasa nikuambie kilichobaki, na hapa ndo pagumu.

Tarehe 20 Oktoba 1977, siku tatu tu baada ya albamu yao mpya ya studio kutoka, ndege waliyokodi, Convair ya zamani, iliishiwa mafuta ikaanguka msituni karibu na Gillsburg, Mississippi. Walikuwemo watu 26. Walikufa sita: Ronnie Van Zant, Steve Gaines, dada yake Cassie, msaidizi wao Dean Kilpatrick na marubani wawili. Waliobaki waliumia vibaya. Yule kijana aliyepandishwa kwenye wimbo mmoja tu aone kama anaweza alidumu kwenye bendi kama mwaka na nusu, akaacha albamu moja ya studio na hii ya laivu. Na mwimbaji, hii ndo albamu pekee rasmi ya laivu iliyotoka akiwa hai.

Kwa hiyo ukimkuta mzee wa miaka sabini anakuambia hii ndo yenyewe na macho yamemlegea, muache. Wapo waliokuwa na tiketi za ile ziara iliyokatishwa na ajali na hawakuwahi kwenda. Ule wimbo wa mwisho ambao mtu anaaga, baada ya Oktoba ile hakuna aliyeusikia tena kama wimbo wa kumuacha mpenzi. Bendi iliporudi 1987 na mdogo wake Ronnie, Johnny, kuna shoo walikuwa wanaupiga bila mwimbaji, maiki imesimama peke yake, watu wanaimba wenyewe kutoka chini. Rossington, wa mwisho kati ya waanzilishi, alifariki Machi 2023.

Ila tusidanganyane, si mashabiki wote wanalia kwa sababu ya ajali. Wengine wanaipenda tu kwa sababu inachangamsha na maneno yana akili kuliko sura za wenyewe zinavyoonyesha. Wimbo wa kufungulia, Workin' for MCA, wanaisema kampuni yao wenyewe ya rekodi, na ndo kampuni iliyoitoa hiyo santuri, sijui nani alisaini hiyo. Saturday Night Special ni wimbo wa kulaani bastola za bei rahisi, umeimbwa na watu ambao ungedhani wamelala nazo. The Needle and the Spoon unakataza unga. Gimme Three Steps ni kisa kilichomkuta Ronnie mwenyewe baa, jamaa kamtolea bastola kwa ajili ya mwanamke, naye anaomba tu apewe hatua tatu kuelekea mlangoni! Hiyo ni stori ya kijiweni kabisa, ungeweza kuisikia Magomeni.

Kuna jambo hukuniuliza lakini utaliona ukianza kutafuta picha zao, ile bendera yenye msalaba wa nyota, bendera ya majimbo ya kusini yaliyopigana kutetea utumwa. Walikuwa wanaitundika nyuma ya jukwaa. Mimi kama Mwafrika hainipendezi na sitaipaka rangi. Mwaka 2012 Rossington alisema wanaiacha, mashabiki wengine wakaja juu, akalegeza maneno. Huo ndo ukweli, na Wamarekani weusi wengi muziki huu hawaugusi kwa sababu hiyo, wana haki yao. Mimi nasikiliza magitaa, na najua ile bluzi yote humo ndani ilitoka kwa nani, hata Crossroads wanayoipiga upande wa nne ni ya Robert Johnson, mtu mweusi wa Mississippi aliyefariki 1938.

Ukishaizoea, nenda kwa majirani, yaani bendi nyingine za huko huko kusini. Blackfoot nao ni wa Jacksonville, wakali zaidi, wanakaribia hevi metali, na ya kwao ya laivu ni Highway Song Live ya 1982, nayo ina mashabiki wake vichaa, hasa Uingereza. Rickey Medlocke anayeimba humo alishawahi kupiga drams Skynyrd mwanzoni mwa miaka ya 70 na akarudi kama mpiga gitaa 1996, yaani ukoo mmoja. Outlaws wa Tampa nao wana Bring It Back Alive ya 1978, humo kuna wimbo unapita dakika ishirini, huo usianze nao maana utanitukana. Ya laivu ya Molly Hatchet ya 1985 mimi hainisisimui sana, sauti imekuwa ya miaka ya 80 mno.

Kuhusu studio na laivu: hujakosea kusema studio ni safi zaidi. Tuesday's Gone ya studio ni nzuri kuliko ya Fox, naikubali, ule wimbo unataka utulivu. Ila Call Me the Breeze na T for Texas za Fox huwezi kurudi kwenye kitu kingine. Na piano! Billy Powell msikilize kila unapopata nafasi. Huyu alikuwa mbeba vyombo wa bendi, kuli kabisa, siku moja kwenye dansi la shule akakaa kwenye piano akapiga utangulizi aliojitungia wa Free Bird, Ronnie akamuuliza, wewe muda wote huu ulikuwa unajua kupiga hivi? Wakampa kazi. Ule utangulizi ndo huo unaousikia Fox baada ya watu kupiga kelele jina la wimbo.

Sasa santuri yenyewe. Hela yake si kubwa, zilichapishwa nyingi sana, anayekuambia ni milioni anakutania. Ndo maana nasema ukae nayo, kwa bei utakayopata hata pleya ya mtumba hununui, na baba mdogo aliibeba kutoka bandari gani huko mpaka nyumbani. Angalia sahani zote mbili zipo, maana mara nyingi moja inaazimwa na hairudi. Kama hutaki habari za santuri kabisa, tafuta toleo la 2001 la CD mbili, lina nyimbo za ziada kutoka usiku zile zile tatu, pamoja na matoleo mengine ya nyimbo unazozijua, inafurahisha kulinganisha walivyopiga usiku huu na usiku ule.

Kuosha, maji ya kawaida yaliyochemshwa yakapoa, tone la sabuni ya maji, kitambaa laini, zungusha kufuata mistari usikate katikati, na usilowanishe karatasi ya kati. Spiriti usitie. Kisha uisimamishe ikauke, usiianike juani hata dakika moja, itajikunja kama chapati. Ukipata pleya weka upande wa nne kwanza, sauti juu, majirani waombe radhi mapema. Na ikiruka ruka karibu na mwisho, pale magitaa yanaposhuka ngazi, usihangaike kubadilisha sindano, ya kwangu nayo inaruka hapo hapo, ndo sehemu ambayo kila mwenye nayo amerudisha mkono mara nyingi.